Jinsi ya Kuiokoa Ndoa Kabla Bonasi Haijaingia

Mahitaji: meza moja, risiti za majani chai za mwaka mzima, birika la chai ya maziwa, Biblia katika lugha mnayoielewa wote wawili, na mume aliyeketi. Hilo la mwisho huadimika kuanzia mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo lianze kutafutwa mapema, ikiwezekana mwezi wa Julai, kabla bei ya bonasi haijaanza kunong'onwa.

Mwongozo huu umeandikiwa waume na wake Wakristo wa Kericho na Bomet, wawe wa AGC, AIC, Katoliki, Anglikana, Waadventista, au wa yale makanisa ya mabati yenye spika zinazosikika hadi ng'ambo ya bonde. Msingi wake ni kwamba imani ya wanandoa ina kazi ya kufanya pale penye kilo, karo, jiko na gunia. Mume anayejua kuhubiri Jumapili na hajui mkewe amechuna kilo ngapi Jumanne bado hajamaliza kuokoka, na tunamwomba amalizie kazi hiyo nyumbani kwake.

Tuanze na pesa, maana huko ndiko ndoa nyingi za huku hutegukia. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye kiwanda kilicho chini ya shirika la chai la KTDA hulipwa mara mbili. Kila mwezi hupata malipo ya kwanza kwa kila kilo, yakiwa yamekatwa mbolea ya mkopo na madeni mengine. Halafu hesabu za mwaka hufungwa Juni 30, chai ikishauzwa, nyingi yake mnadani Mombasa, na kufikia Oktoba huja malipo ya pili ambayo kila mtu huyaita bonasi. Wiki hiyo Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Silibwet hubadilika sura. Sofa mpya husafiri juu ya pikipiki, wenye nyama choma huongeza mbuzi, na simu za waume wengi, kwa sababu isiyojulikana na kampuni yoyote ya mawasiliano, huacha kupatikana.

Sasa tazama majani yenyewe yalivyofika huko. Saa nane mchana kwenye kituo cha kununulia, mama amefika na gunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, aproni ya plastiki bado inachuruzika maji ya umande na mvua. Anamwaga majani, anayachambua, anaondoa yaliyokomaa na vijiti, anabakiza majani mawili na chipukizi. Vidole vyake vimeingia weusi wa utomvu ambao sabuni haiuwezi. Karani anamwuliza namba ya mkulima, naye anaitaja bila kufikiri, kama anavyotaja jina la mwanawe. Mizani inasoma, risiti inatoka. Namba ile ni ya mumewe. Risiti ni ya mumewe. Akaunti pesa zitakakoingia ni ya mumewe. Mume mwenyewe yuko chini ya mti pale pembeni, anajadili siasa za kaunti.

Watafiti wawili, Dorthe von Bülow na Anne Sørensen, waliandika juu ya jambo hili mwaka 1993 baada ya kuwachunguza wakulima wadogo wa chai wa Kericho. Walionyesha kwamba mvutano wa mke na mume juu ya nani anafanya kazi na nani anashika pesa ulikuwa unaathiri hata mavuno. Mke asiyeona faida hupunguza mkono. Mwalimu wa kilimo anaweza kuja na mbolea ya kila aina, lakini mchai hauchunwi na mbolea.

Hatua ya kwanza, basi, ni hii: kila jioni ya siku ya kuchuna, risiti iwekwe mezani, isomwe kwa sauti, iandikwe kwenye daftari la shule la kurasa 48. Wote wawili wajue kilo. Mwisho wa mwezi wajue kilichokatwa na kilichobaki. Mume atakayesema kwamba hayo ni mambo ya mwanamume, asomewe Matendo ya Mitume sura ya 5, habari za Anania na Safira. Wale walikuwa na umoja wa ndoa wa kutosha. Walikaa wakakubaliana kabisa juu ya pesa za shamba. Tatizo ni kwamba walikubaliana kudanganya, na wote wawili wakazikwa siku moja. Kwa hiyo umoja pekee hautoshi, unahitaji ukweli ndani yake. Lakini nyumba ambamo mmoja anadanganya peke yake haijafika hata pale walipofika Anania na Safira.

Na kwa mume asiyeshtushwa na Maandiko, ipo sheria. Katiba ya 2010, ibara ya 45, inawapa mke na mume haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na hata wanapoachana. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kuwa mchango wa mwanandoa kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shambani na hata kuwa mwenza wa mwenzake. Kwa maneno mengine, yule mama mwenye vidole vyeusi anachangia anapochuna, anapopika, anapomwogesha mtoto, na anapokaa tu karibu nawe jioni akikusikiliza ukieleza siasa za kaunti. Hilo la mwisho lina thamani kubwa na halijawahi kulipwa bonasi. Nendeni kiwandani pamoja mkaulize utaratibu wa kumsajili naye awe na namba yake na sehemu yake ya michai. Hakuna mahubiri juu ya upendo yatakayomgusa kama risiti yenye jina lake.

Hatua ya pili ni maombi, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo waumini hodari huharibu.

Ombeni pamoja kila siku, kwa ufupi, kwa sauti ya kawaida. Dakika tano zinatosha. Mungu hana shida ya masikio, na watoto wana shule kesho. Kila mmoja aombee mzigo wa mwenzake kwa jina: mume aseme mgongo wa mkewe unaouma tangu msimu wa mvua, mke aseme deni la karo linalomkosesha mumewe usingizi. Ukiweza kuutaja mzigo wa mwenzako mbele za Mungu, maana yake umeusikia. Ukifika hapo ukajikuta huna la kutaja, simamisha maombi, mgeukie, umuulize. Mungu atasubiri.

Kilichokatazwa kabisa ni kumpiga mwenzako mawe ukiwa umefumba macho. Kila mtu anaijua sala hii. Inaanza kwa utukufu na shukrani, inapanda milima, halafu inashuka polepole hadi kwa "wale wanaorudi nyumbani usiku wa manane, Bwana, wakiwa hawajui hata watoto wamekula nini, ukawaguse." Mume amepiga magoti pale pale, ndiye pekee aliyerudi usiku wa manane, na anajua kwamba hawezi kujibu bila kuonekana anabishana na Roho Mtakatifu. Zamu yake ikifika anashukuru kwa kila kitu, kisha anaombea "ndimi, Baba, ndimi zinazobomoa nyumba." Wakisema amina wamegombana kuliko wangegombana jikoni, na hakuna aliyemjibu mwenzake. Kama una neno na mume wako, au na mama watoto, mwambie yeye. Yesu mwenyewe aliagiza katika Mathayo 18 kwamba aliyekosewa aende kwanza kwa aliyemkosea, wakiwa wawili tu. Hakuagiza aende kupitia maombi ya jioni mbele ya watoto, wala kupitia kikundi cha WhatsApp cha Umoja wa Akina Mama.

Na bonasi iombewe kabla. Wengi hupiga magoti Novemba, pesa zikiwa zimekwisha, wakimlilia Mungu kwa karo ya Januari. Pigeni magoti Agosti, daftari likiwa wazi, mkaandika kwa mpangilio: karo, mbolea, deni la sacco, fungu la kumi, bati la jiko, matibabu ya bibi. Kisha kila mmoja atengewe kiasi chake cha kutumia bila kuulizwa, na kiasi hicho kiwe sawa kwa wote wawili. Mkishaandika, wekeni sahihi. Mume aliyetia sahihi mbele za Mungu na mkewe hupata uzito wa miguu anapopita kwenye mlango wa baa, na uzito huo ni jibu la maombi.

Sasa Waefeso sura ya 5. Katika kila harusi ya huku, iwe chini ya paa refu la vigae la Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu pale Kericho, lililowekwa wakfu mwaka 2015, au kwenye hema uwanjani mwa shule ya msingi, sura hii itasomwa. Na mume mwenye haraka atakumbuka mstari wa 22 tu, ule unaomhusu mke. Dawa ni ndogo: anza kusoma mstari mmoja nyuma. Wa 21 unawataka waumini wote wanyenyekeane. Ukishamaliza, usisimame, endelea mpaka wa 25, unaomtaka mume ampende mkewe kwa kipimo cha Kristo, ambaye hakubakiza hata uhai wake. Mume anayedai utii na hajabeba gunia hata mara moja tangu Pasaka ana deni la mistari miwili.

Kuna pia ndoa zinazoumizwa na kanisa lenyewe, nalo lisemwe. Mama yuko kwaya Jumanne, ushirika wa nyumba kwa nyumba Jumatano, kesha Ijumaa. Baba ni mzee wa kanisa, kamati ya ujenzi Jumatatu, kamati ya harambee Alhamisi, mazishi Jumamosi. Wanakutana Jumapili ibadani, mmoja upande wa kulia, mwingine upande wa kushoto. Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anaruhusu mke na mume kujitenga kwa ajili ya maombi, ila anaweka masharti matatu: wakubaliane, iwe kwa muda, kisha warudiane. Kesha ambalo mwenzako alilisikia kutoka kwa jirani halijatimiza hata sharti la kwanza. Chagueni jioni mbili kwa wiki ambazo kanisa halitawapata. Mchungaji mwenye busara hatakasirika. Yeye mwenyewe ana mke anayezihitaji jioni hizo.

Jikoni tupite haraka, kwa kuwa jambo lenyewe ni rahisi na linasubiri kufanywa tu. Baba, chemsha chai. Zamani jiko la Wakipsigis lilikuwa la mama na hakuna aliyetarajia mzee aingie, lakini wewe umesoma, umebatizwa, na unajua maji yanachemkia wapi. Mke aliyerudi kutoka shambani na miguu iliyolowa akikuta birika tayari na kimyet (ugali) kimefunikwa, atasikia injili ambayo hujaitamka. Kitabu cha Matendo kinawataja Akila na mkewe Prisila, mafundi wa mahema waliofanya kazi ya mikono pamoja na kumfundisha Apolo pamoja. Si rahisi kuwaona wakifundisha vizuri hivyo kama mmoja alikuwa anashona na mwingine amekaa chini ya mti.

Kuhusu hasira, Maandiko yanatutaka tusiache jua lizame kabla hatujapatana. Waumini wa Ulaya wana nafasi ya kujitetea. Kule wakati wa kiangazi jua laweza kuchelewa hadi saa nne za usiku, mtu akanuna siku nzima. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Kericho jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, Januari hadi Desemba, na mara nyingi mawingu ya alasiri yamelificha mapema zaidi. Kwa hiyo ugomvi wa huku una saa chache, na unaoanza baada ya chakula cha usiku hauna muda wowote: uishe hapo hapo. Mkosaji aseme "nimekosa" na ataje kosa. Maneno kama "kama nimekukosea" hayahesabiwi. Aliyekosewa akisamehe, asiliweke kosa hilo kama akiba ya mwaka ujao.

Lakini lipo jambo ambalo halimalizwi kwa kupatana kabla ya jua kuzama, na hapa mwongozo unaacha mzaha. Mkono uliompiga mke, au uliompiga mume, si ugomvi wa ndoa. Ni uhalifu. Hospitali ya Tenwek karibu na mji wa Bomet, iliyoanza kama zahanati ya misheni miaka ya 1930 na kumpata daktari wake wa kwanza, Ernest Steury, mwaka 1959, imeishi miaka yote kwa kauli kwamba wao hutibu na Yesu ndiye anayeponya. Wamisionari wale waliomba sana, na walijenga vyumba vya upasuaji. Hawakumwambia mgonjwa mwenye mguu uliovunjika arudi nyumbani akavumilie. Kanisa lifanye vivyo hivyo na ndoa iliyovunjika mifupa. Mama aliyepigwa apelekwe hospitalini, ajaziwe fomu ya P3, afikishwe polisi, apatiwe mahali pa kulala. Namba ya msaada 1195 hupigwa bila malipo. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inamruhusu kuomba amri ya mahakama ya kumlinda. Baada ya hapo aombewe, na mwenye mkono ule aombewe pia, akiwa mbali naye. Mzee wa kanisa anayemrudisha mama kwenye nyumba ile na mistari ya uvumilivu anabeba sehemu ya kipigo kitakachofuata.

Na wale wa mashamba makubwa, wanaoishi kwenye kambi za kampuni, wana jaribu lao. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, ambapo zaidi ya wanawake 70 walieleza jinsi walivyonyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Wengi wa wanawake hao wana nyumba, na wengine wana waume. Mume ambaye mkewe anarudi jioni na habari kama hiyo ana neno moja la kusema kwanza: nakuamini. Asimwulize alikuwa amevaa nini, wala kwa nini hakupiga kelele, wala kama kazi itapotea. Kazi ni ya thamani, najua, na chumba cha kambi huenda na kazi. Ndiyo maana kanisa linalozunguka mashamba hayo linapaswa kuwa na mfuko wa kuwasitiri watu wa namna hii mwezi mmoja au miwili. Tumeweza kuchangia spika na viti vya plastiki. Tunaweza na hili.

Imebaki siku ambayo chai yenyewe inakataa. Mvua ya mawe ikishuka alasiri moja hupasua majani, na familia hukaa wiki kadhaa bila cha kuchuna. Bonasi nayo inaweza kuja imekonda. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walipiga kelele kwa haki, walipoona viwanda vyao vikilipa kidogo sana kuliko vya mashariki mwa Bonde la Ufa. Na mashine za kuchuna zimepunguza mikono kwenye mashamba makubwa, hata Mei 2023 hasira ya watu ikafika hatua ya kuzichoma moto. Nyuma ya kila moja ya habari hizo yuko mume aliyezoea kuitwa mwenye nyumba, na sasa amekaa kitandani saa nne asubuhi akiwa amevaa viatu, hana pa kwenda.

Mama, usimpe mahubiri asubuhi hiyo. Mpe chai, kaa naye, mwulize mnaanza wapi. Fungueni daftari, mkate kuanzia chini ya orodha, na kile kiasi cha kila mmoja cha kutumia bila kuulizwa kikatwe sawa kwa sawa. Baba, mwambie ukweli siku ile ile barua ya kuachishwa kazi ilipofika, asije akausikia kwa mke wa mwenzako kisimani. Usichukue mkopo wa siri. Usitoroke kwenda mjini kutafuta kazi bila kuaga, ukidhani unamwondolea aibu. Na wanaume wa kanisa wamtembelee mwenzao wiki ya kwanza, wasingoje ya kumi. Waende wawili au watatu, wasikae sana, na wabebe unga, sukari na habari yoyote waliyoisikia ya kazi.